Darasa la Kisumu la Riwaya za Kikristo za Mapenzi na Ujasusi wa Vita: Tathmini ya Mwanafunzi

Kwa yeyote anayeishi Kisumu au maeneo ya karibu, na anayetamani kuandika riwaya ya mapenzi yenye imani ya Kikristo iliyowekwa katika nyakati za vita na kazi za majasusi, darasa la uandishi linalofanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa kanisa mtaani Milimani linastahili ada yake. Nasema hivyo baada ya kulifuatilia muhula mzima nikiwa na mswada wangu mkononi, na nikiwa msomaji wa siku nyingi wa riwaya za aina hii. Lina kasoro, na mbili kati yake ni nzito. Nitazieleza bila kuzifunika. Lakini katika jambo lililo gumu kuliko yote kwenye uandishi huu, yaani kuifanya imani, mapenzi na ujasusi viwe mgogoro mmoja badala ya hadithi tatu zilizofungwa pamoja kwa kamba, sijapata kufundishwa vizuri namna hii mahali pengine popote.

Wasomaji wenzangu wanaujua ugonjwa wa riwaya hizi. Msichana mcha Mungu anampenda kijana ambaye kumbe ni jasusi, hatari inabisha hodi, msichana anapiga magoti, adui anapita pembeni, harusi inafuata. Mwezeshaji wetu, mhariri mstaafu ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliikataa njia hiyo tangu kipindi cha kwanza. Alituwekea sharti kwamba maombi ya mhusika yanaweza kumbadilisha mhusika mwenyewe, yanaweza kumtia ujasiri au hata kumnyima usingizi, lakini hayaruhusiwi kumwondolea mwandishi kazi ya kutafuta mlango wa kutokea. Nakubaliana naye kabisa, na si kwa sababu za ufundi peke yake. Kitabu kinachoonyesha kila aombaye akiokoka papo hapo kinawasema uongo wasomaji walioomba kwa machozi na bado wakawazika wapendwa wao.

Kipindi kilichofuata kilihusu Rahabu, na hicho ndicho kilichonishika. Kila mmoja wetu alidhani anakijua kisa cha Yoshua sura ya 2: wapelelezi wawili wanaingia Yeriko, mwanamke anawaficha darini chini ya mabua ya kitani, watu wa mfalme wanafika, naye anawaambia kwamba wageni wameshaondoka na wala hajui walikoelekea. Mwalimu alitutaka tukisome kama waandishi. Rahabu anadanganya, tena kwa ufasaha, na usiku huohuo anamkiri Mungu wa Israeli. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unamtaja miongoni mwa mashujaa wa imani, Yakobo katika sura ya 2 anamhesabia haki kwa kitendo hichohicho cha kuwapokea wajumbe, na Mathayo katika sura ya 1 anamweka katika ukoo wa Yesu, akiwa amezaa na Salmoni. Kisha tukapewa swali la kuandikia ukurasa mmoja: miaka ilipopita, Rahabu alimsimulia vipi Salmoni habari za usiku ule? Na Salmoni alijuaje kwamba mwanamke aliyeweza kuwatazama askari wa mfalme usoni na kuwapoteza njia hatamfanyia yeye vivyo hivyo?

Swali hilo lilinifungua macho kuliko mihadhara yoyote ya ploti na kilele niliyowahi kuisikia. Jasusi hufunzwa kuficha. Mpenzi hudai kufunuliwa. Mkristo naye ameamriwa asimshuhudie jirani yake uongo. Mwandishi asiyembana mhusika wake katika pembe hiyo atakuwa na mandhari ya vita, sare na treni, lakini riwaya hana. Ili tusidhani kwamba haya ni mambo ya Agano la Kale tu, tulipewa maisha ya mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyejiunga na idara ya ujasusi wa kijeshi ya nchi yake huku akishirikiana kwa siri na waliokuwa wakipanga kumwangusha Hitler. Alimchumbia Maria von Wedemeyer Januari 1943, akakamatwa Aprili mwaka huohuo, na akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945 bila kumwoa. Kwa miaka miwili uchumba wao ulilelewa kwa barua na kwa ziara za gerezani, mlinzi akiwa amekaa palepale akisikiliza. Tuliambiwa tuandike mazungumzo ya wachumba wawili ambao kila neno lao linasikilizwa na mtu wa tatu, bila kutaja kwamba yupo. Kati ya mazoezi yote ya muhula, hilo ndilo lililozalisha kurasa nzuri kuliko zote darasani.

Sifa nyingine kubwa ya darasa hili ni kuileta vita nyumbani. Wengi walifika na miswada ya Paris na London, miji wasiyoijua ila kwa filamu. Hakuna aliyewakataza, lakini waliulizwa kwa nini wamepita juu ya Kisumu. Mji huu ulikuwa mwisho wa reli tangu 1901, ulipoitwa Port Florence, na ulikuwa bandari ya meli kama Winifred, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa hapahapa ufukweni. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kuuteka mji wa Kisii, wakapambana na askari wa KAR, yaani jeshi la Waafrika chini ya maafisa wa Uingereza, tarehe 12 kabla ya kurudi walikotoka. Juni 1915, meli zilijazwa askari hapa Kisumu na kung'oa nanga kuelekea Bukoba, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, kwa sababu Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo pale. Mji ulitekwa baada ya mapigano ya siku mbili na kituo kikaharibiwa. Mwandishi wa ujasusi atake nini zaidi? Mnara unaotuma habari gizani, bandari ambako kila mpakizi wa makaa anaziona meli zikijazwa watu, na ziwa lenye wavuvi ambao udugu wao hautambui mpaka uliochorwa na wakubwa wa Ulaya.

Katika historia Mwalimu ni mkali, na ukali wake una manufaa. Dada mmoja kutoka Siaya alikuwa na msichana shujaa wa mwaka 1914 aliyesomea Maseno. Akakumbushwa kwa upole kwamba Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1906, ilikuwa shule ya wavulana, na kwamba shule ya wasichana ya Ng'iya ilikuja baada ya vita. Badala ya kumfuta msichana wake, alishauriwa amfanye ajifunze kusoma kwa siri kutoka kwa kaka yake, na papo hapo mhusika akapata siri ya kwanza ya maisha yake hata kabla jasusi hajatokea. Mwingine alimfanya katekista wa mwaka 1915 anukuu Zaburi kwa maneno ya Biblia ya Muungano. Biblia hiyo ilichapishwa 1952, na hata Agano Jipya la Dholuo lilichapishwa kamili mwaka 1926. Mkristo wa Nyanza wa wakati wa vita ya kwanza alikuwa na vitabu vichache vya Maandiko vilivyotafsiriwa, nyimbo alizofundishwa, na kile alichokihifadhi kichwani. Jambo hilo linabadilisha namna mhusika anavyoomba, kwa kuwa mtu asiye na kitabu kizima hushikilia mistari michache na kuirudiarudia mpaka imwingie damuni. Nimeandika upya sura mbili za mswada wangu kwa ajili ya maelezo hayo, na zimekuwa bora zaidi.

Somo ambalo ningelilipia ada nzima peke yake ni lile la misimbo ya siri. Tulihamia vita ya pili na idara ya Uingereza iliyoitwa SOE, iliyoundwa Julai 1940 ili kuwapenyeza majasusi katika nchi zilizokaliwa na Wajerumani. Waendeshaji wake wa redio walifunzwa kuficha ujumbe kwa kutumia maneno ya shairi walilolikariri. Mwalimu aliandika ubaoni neno moja, MILIMA, alilolichukua katika Zaburi ya 121, akatutaka tuzipe herufi zake namba kwa mfuatano wa alfabeti, tukianzia kushoto pale herufi zinapofanana. A ikapata 1, I mbili zikapata 2 na 3, L ikapata 4, M mbili zikapata 5 na 6. Hivyo neno likasomeka 5 2 4 3 6 1. Chini ya namba hizo tukaandika ujumbe MELI INAONDOKA USIKU katika mistari mitatu ya herufi sita sita:

M E L I I N
A O N D O K
A U S I K U

Kisha tukasoma kwenda chini, safu yenye namba 1 kwanza, halafu ya 2, hadi ya 6. Ikatoka NKU EOU IDI LNS MAA IOK. Majasusi wenyewe walitumia maneno kadhaa ya shairi na kurudia kazi hiyo mara mbili kwa kila ujumbe, wakiwa na hofu, gizani, huku magari ya adui yenye mitambo ya kunasa redio yakizunguka mitaani. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa wakati tunajaribu. Baba mmoja aliyekaa karibu nami alikosea herufi moja tu, na ujumbe wake wote ukavurugika. Akaelewa, nasi tukaelewa pamoja naye, kwa nini wengi wao walikamatwa wakirudia kutuma ujumbe ambao haukusomeka upande wa pili.

Halafu likaja jambo lililonigusa zaidi. Udhaifu wa msimbo huu ni kwamba shairi linalojulikana liko vitabuni, na adui akilitambua anaweza kufungua kila ujumbe. Kwa hiyo Zaburi, ambayo jasusi Mkristo angeichagua kwanza kwa kuwa ndiyo faraja yake, ni hatari kwake, maana Biblia imo katika kila maktaba ya adui. Leo Marks, aliyekuwa mkuu wa misimbo wa SOE, alianza kuwatungia majasusi mashairi mapya yasiyochapishwa popote. Moja alikuwa amelitunga kwa uchungu wa kufiwa na msichana aliyempenda, na mwaka 1944 akampa Violette Szabo, mjane kijana aliyetumwa Ufaransa, ambaye hatimaye aliuawa katika kambi ya Ravensbrück. Mwandishi wa mapenzi akilisikia hili hahitaji kubuni sana: shairi la mapenzi lisilojulikana na mtu mwingine duniani ndilo linaloulinda uhai wa yule anayelibeba, na siku akilitamka mbele ya watesi wake atakuwa amevisaliti vyote viwili kwa mara moja.

Nasi wana wa lugha hii, yenye kawaida ya mafumbo na ushairi wa kupangwa kwa vina na mizani, tulikuwa na mtaji ambao wengine hawana. Kila mmoja aliagizwa kutunga ubeti ambao mhusika wake angempa mpenzi anayeondoka. Mwalimu mstaafu wa sekondari kutoka Vihiga, ambaye kwa ruhusa yake naunukuu ubeti wake hapa, aliandika tarbia hii:

Ewe nyota ya ziwani, usizime nakwambia,
Upepo u mawimbini, chombo kinakaribia,
Nimekufunga moyoni, siri nimeifukia,
Hata niwe kifungoni, jina sitawatajia.

Mizani nane kwa kila kipande, vina vimekaa, na mshororo wa mwisho ni kiapo cha jasusi na kiapo cha mchumba kwa pamoja. Baada ya kuusoma, riwaya yake yote niliiona mbele yangu.

Sasa kasoro. Ya kwanza kati ya zile nzito ni woga wa kuzungumzia mapenzi yenyewe. Nakubali kwamba riwaya za Kikristo zina staha yake, na mimi sitaki chumba cha kulala kiwe ukumbi wa maonyesho. Lakini staha haimaanishi ukimya. Kipindi kilichotengewa mapenzi kiliishia kwenye orodha ya yasiyofaa kuandikwa, na hatukufundishwa jinsi ya kuandika hamu: mkono unaochelewa kuachia kikombe, au hasira ya mtu anayempenda yule asiyeweza kumwamini. Tena hakuna aliyegusia posa na mahari. Kijana wa Kiluo au wa Kiluhya wa mwaka 1915 hakuchumbia kwa kutembea bustanini. Kulikuwa na washenga, wazee, ng'ombe, na ukoo uliochunguza kabla ya kukubali. Uchunguzi huo ni ujasusi wa aina yake, na jasusi anayeishi kwa jina la uongo angeuogopa kuliko kituo cha polisi, kwa sababu shangazi wa bibi harusi angetaka kujua babu yake alizikwa wapi. Kuuacha utajiri huo na kuwafunza wanafunzi wa Kisumu uchumba wa riwaya za Uingereza ni hasara, na natumaini watalirekebisha jambo hili.

Kasoro ya pili ni namna wapagazi walivyotajwa kwa haraka. Vita ya kwanza katika Afrika Mashariki ilibebwa vichwani mwa watu, na Nyanza ilitoa wengi mno. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hili, ndiye aliyekabidhiwa kusimamia usombaji mkubwa wa wapagazi. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa ni wengi kupita waliokufa kwa risasi. Darasani walibaki kuwa watu wa nyuma ya picha, wanaopita na mizigo wakati afisa Mzungu anapanga mbinu. Nadhani mpagazi ndiye mhusika bora wa riwaya ya ujasusi ya eneo hili, kwa kuwa husikia kila kitu na hakuna anayemtazama. Na mke wake, aliyebaki kijijini bila barua na bila habari, anaweza kuubeba upande wa mapenzi kwa uzito ambao binti wa gavana hawezi. Vivyo hivyo sikuelewa kwa nini Kaimosi haikutajwa hata mara moja. Marafiki, yaani Waquaker kutoka Marekani, walifika pale mwaka 1902, imani yao inawakataza kushika silaha, na nchi yao haikuingia vitani hadi Aprili 1917. Muumini wa Kaimosi anayeombwa kupeleka ujumbe mmoja mdogo tu wa jeshi ana mgogoro wa dhamiri uliokwisha kukomaa.

Yapo pia mambo madogo. Kisa cha afisa wa upelelezi Richard Meinertzhagen, aliyedai kwamba alikuwa akikusanya karatasi zilizotupwa vyooni katika kambi za Wajerumani ili kusoma siri zao, kilisimuliwa bila tahadhari, ilhali wanahistoria wametilia shaka sehemu kubwa ya shajara zake. Mwandishi anaweza kukitumia kisa hicho, lakini ajue anachokitumia. Katika vita ya pili tulikaa Ufaransa mno, wakati mwaka 1942 wavunja misimbo wa Uingereza walihamia Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, na kufanikiwa kuuvunja msimbo wa meli za biashara za Japani. Mandhari hiyo ni ya kwetu na bado haijachezewa vya kutosha. Kipindi cha uchapishaji nacho hakikunisaidia: mgeni aliyealikwa alirudia kwamba vitabu vinavyouzwa ni vya kiada, kisha akashauri tuandike kwa Kiingereza. Wasomaji wa riwaya hizi kwa Kiswahili wapo, nawaona kila wiki katika vikundi vya akina mama kanisani wakiazimana nakala hadi majalada yanachanika, na ningependa aalikwe mtu anayejua njia ya kuwafikia.

Kuhusu huduma yenyewe, ada ni shilingi 6,000 kwa muhula, inalipwa kwa M-Pesa kwa awamu mbili, na ndani yake mwezeshaji anasoma kurasa 30 za mswada wako na kuzirudisha zikiwa na maoni ya kalamu pembeni. Maoni hayo ni ya kweli na ya kina. Zangu zilirudi zikiwa na maswali zaidi kuliko sifa, na kila swali lilikuwa na jibu lililonilazimu kufanya kazi. Vipindi huanza kwa wakati, chai na mandazi vinatolewa, na ukumbi unafikika kwa miguu kutoka katikati ya mji, ingawa spika za ibada ya vijana upande wa pili wa ua hufanya saa ya mwisho iwe ngumu kwa wanaokaa nyuma. Wasio Wakristo wanakaribishwa, na tulikuwa na Mwislamu mmoja aliyekuwa akiandika kuhusu Noor Inayat Khan, mwanamke wa kwanza mwendeshaji wa redio kutumwa Ufaransa na SOE. Mchango wake katika mjadala wa uongo na dhamiri ulitunufaisha sote. Anayetaka kujiunga aende na angalau sura moja iliyokwisha kuandikwa, kwa sababu kazi huanza Jumamosi ya kwanza na asiye na kurasa hukosa mazoezi mengi. Mimi nimeshalipia muhula ujao, na nimemwandikia Mwalimu kumwomba kipindi kimoja cha posa na kingine cha wapagazi.